Maneno ya Siku Kubwa

Mimi ni mwenye kitabu, na ndani yake hamna sentensi hata moja niliyoitunga. Wanaotaka kucheka wacheke sasa, wamalize, kisha wanisikilize. Jina langu liko kwenye jalada: Emérence Kahongya, mkusanyaji. Juu yake, kwa herufi kubwa, *Maneno ya Siku Kubwa*. Kinauzwa Butembo na Beni, huku kwetu mashariki ya Kongo, na nakala moja imefika Mutwanga ndani ya mfuko wa mlinzi wa hifadhi aliyekuwa anakwenda kuoa. Anayedhani kukusanya ni kazi ndogo, achukue gunia la maharagwe alichambue peke yake mpaka chini, kisha tuongee.

Asubuhi mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Mshahara wa mwalimu kwetu kila mtu anaujua, sina haja ya kuueleza. Mchana nafungua kibanda changu karibu na parokia: kompyuta moja, mashine moja ya kutoa kopi, kiti kimoja cha mteja. Watu huniletea barua za kuomba kazi na orodha za kwaya, lakini zaidi ya yote huleta hotuba. Sisi Wanande hatuendi kwenye siku kubwa na kinywa kitupu. Iwe mahari, iwe ubatizo, iwe mazishi, lazima mtu asimame aseme, na mtu huyo hapendi kuhangaika na mwandiko wake mwenyewe mbele ya wakwe. Basi huleta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, nami naichapa vizuri na kuizungushia maua pembeni.

Kwa miaka kumi na moja nilichapa hotuba hizo, na kompyuta ikazihifadhi zote. Siku moja akaja mwanamume mmoja mkono mtupu, jasho linamtoka ingawa Butembo ilikuwa na baridi yake ya kawaida.

"Mwalimu," akasema, "harusi ya dada yangu iko siku ya samedi, na bamenichagua mimi niseme. Mimi hapana jua kusema. Hauna moja ya zamani unaweza kuniuzishia?"

Nilikuwa nazo zaidi ya mia nne. Nilimtazama yule mtu, nikaitazama kompyuta, na kitabu kikazaliwa pale pale kabla hajakaa kitini.

Mume wangu Luc, fundi wa pikipiki, alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta mafuta mikononi. "Utauzisha maneno ya batu aje? Ile maneno iko na benyewe."

Luc akiwa na haki huwa ananiudhi maradufu. Lakini nilitii. Miezi mitatu nilizunguka Butembo kwa miguu, kilima kwa kilima, nikiomba ruhusa kwa kila aliyewahi kuniletea karatasi. Nilichagua hotuba sitini na mbili, na chini ya kila moja nikaandika jina la mwenyewe. Kila mwenyewe nilimwahidi nakala mbili bure. Hakuna aliyekataa. Wengine walitaka jina lao liwe kubwa kuliko langu.

Kosa langu liko hapo, na nitalisema mwenyewe kabla hamjaniwahi. Kwetu msemaji wa ukoo haulizwi maneno ameyatoa wapi. Akisimama, yeye ni kinywa cha watu wote walioketi nyuma yake, na neno ni la yule aliyelisema. Kumuuliza mzee kama hotuba ni yake ni sawa na kumuuliza shati alilovaa amelikopa kwa nani. Kwa hiyo sikuuliza. Aliyeniletea karatasi, nilimwandika yeye.

Hotuba bora kuliko zote ilikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Ni maneno ambayo upande wa binti huwaambia wakwe baada ya mbuzi wa mahari kupokelewa. Aliyeniletea ni Mzee Zorobabel, mwuza mbao, mtu mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mfukoni. Inaishia hivi:

*Mbuzi wenu tutawala, na ngozi zao zitachakaa. Huyu si wa kuliwa, wala si wa kuchakaa. Mmepewa mtu. Mtu hulishwa, mtu husikilizwa, mtu huulizwa anataka nini. Mchukueni.*

Zamu yangu ilipofika katika mchango wetu wa walimu, ule tunaouita likelemba, nilipeleka pesa zote kwa mchapaji. Nakala mia tatu. Jumapili ya kwanza, mlangoni pa kanisa, ziliondoka arobaini. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimebadilisha bati za upande wa jikoni, zile zilizokuwa zinatuonyesha nyota, na ada za watoto zilikuwa zimelipwa kabla mkurugenzi wa shule yao hajamtuma mtu. Lakini siwezi kudanganya, kilichonipendeza zaidi hakikuwa bati. Ni kuona kitabu changu kwapani mwa mtu nisiyemfahamu. Mara moja nilimfuata mtu wa namna hiyo barabara nzima, nikapoteza soko langu la jioni, kwa ajili ya kutazama tu.

Halafu ikaja sauti ya Kasonia.

Kasonia wa Beni ndiye msemaji anayejulikana kuliko wote huku kwetu. Familia yenye uwezo ikiwa na mahari humtafuta, humlipia safari, humkalisha mbele. Alirekodi dakika tatu kwenye simu yake, akazituma, na kufikia Jumamosi Butembo nzima ilikuwa imezisikia.

"Mimi ni Kasonia. Miaka makumi mbili nasema ile maneno ku mahari, toka Mangina mpaka Butembo, na batu banajua. Leo mwalimu mumoja anaiuzisha na jina ya Zorobabel. Mutu akiiba kuku, utaona manyoya. Akiiba maneno ya mutu, utaona nini? Ule mama ni mwizi."

Mwizi. Mimi ambaye huwarudishia watoto hata vipande vya chaki wanavyosahau. Kesho yake padri aliniita baada ya misa, kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi.

"Madame Emérence, weka vitabu chini kwanza. Ukipatana na Papa Kasonia, utarudi ku mulango ya kanisa. Kama hapana, mimi siwezi."

Nyumbani zilikuwa zimebaki nakala mia na kumi na sita. Lakini pesa hazikuwa neno. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, watoto arobaini na nane, na kila mmoja wao alikuwa na mzazi mwenye simu. Niliona aibu, nikawageuzia mgongo nikaandika tarehe ubaoni mara mbili. Kitabu kile kilikuwa kitu cha kwanza duniani chenye jina langu, mbali na cheti cha ubatizo, na sasa jina lilikuwa limesimama karibu na neno mwizi. Ama nilisafishe jina, ama nikichome kitabu.

Nilianza kwa Mzee Zorobabel. Nilimkuta kwenye mbao zake, na aliponiona akaanza kuhesabu mbao ambazo zilishahesabiwa.

"Papa, ile maneno ya ukurasa makumi tatu na moja, ulitunga wewe?"

"Kutunga, kutunga..." Akakohoa. "Nilisikia Kasonia ku harusi moja ya Beni. Nilienregistrer na telefone, ikashika sauti yote. Mais nilibadilisha! Yee alikuwa anasema mbuzi kumi, mimi nikaweka kumi na mbili."

"Na hukuniambia?"

"Mwalimu, hukuniuliza."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli ukitoka kwa mkosaji hauna dawa.

Luc alinishauri nimpigie Kasonia simu, nimwombe msamaha, yaishe. Nikamwambia simu ni ya kuulizia bei ya mafuta ya mawese. Mtu akikuita mwizi unakwenda kumtazama machoni. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikaweka kitabu kimoja ndani ya mfuko, nikapanda gari la Beni. Barabara ilikuwa na vizuizi vyake kama siku zote. Kila askari alitazama kitambulisho changu, na mmoja akatazama kitabu, akauliza kama ndani kuna maneno ya mtu anayeoa mbali na kwao. Nilikuwa na hasira, lakini nilimsomea ukurasa wa tisa.

Beni kuna joto. Ukishuka kutoka kwetu, sweta inageuka kuwa mzigo. Pikipiki ilinifikisha kwa Kasonia mchana. Uani kulikuwa na turubai kubwa lenye kakao inayoanikwa, na mwanamke mzee sana alikuwa anaigeuza polepole kwa mguu, akitembea katikati yake peku. Nilimsalimu. Akaniitikia bila kusimama, maana kakao nayo haingoji salamu. Kasonia alitoka, mrefu, kofia kichwani, akanipa kiti na maji. Adabu alikuwa nayo, siwezi kumnyima.

"Njo wewe Mwalimu?"

"Njo mimi. Sikuiba, Papa. Nilidanganyika. Lakini jina ni langu na kosa ni langu, ndiyo maana nimefika. Nataka kuandika jina la mwenyewe. Kwanza nikusomee, uniambie kama ndivyo yalivyo."

Nikasoma. Nasoma vizuri, ni kazi yangu. Kasonia alifumba macho, midomo yake ikinifuata neno kwa neno, na nikaona kwamba kweli anayapenda. Nikafika mwisho: mtu husikilizwa, mtu huulizwa anataka nini. Mchukueni.

"Bado," ikasema sauti kutoka kwenye kakao.

Nikageuka. Yule mwanamke mzee alikuwa amesimama.

"Hapo munaruka," akasema. "Kila siku munaruka hapo."

Kasonia akafumbua macho. "Mama, tafazali."

"Tafazali nini? Ananiandikia kitabu, asiandike yote?"

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Jokébed, mama mzazi wa Kasonia. Alikuja akaketi chini ya ukingo wa paa, akapangusa miguu, akanieleza bila haraka. Dada yake mkubwa aliolewa upande wa Mangina, kwa mbuzi wanono. Mwaka wa pili alirudi nyumbani uso umevimba. Baba yao hakumruhusu hata kuketi. Alisema mbuzi wameshaliwa, atawarudisha na nini? Akamrudisha siku ile ile. Mama Jokébed alikuwa msichana, alisimama mlangoni na kibuyu cha maji, hakuambiwa ampe. Dada yule hakuishi sana baada ya hapo.

"Donc, binti yangu mwenyewe alipoposwa," akasema, "nilitafuta maneno. Mwezi muzima. Nikiwa shambani, nikiwa na mwiko. Mwanamuke hapana sema mbele ya bakwe, donc nikamufundisha bwana yangu, kila jioni, kama mutoto wa masomo. Akashika yote. Siku yenyewe akasimama, akasema muzuri, batu bakapiga makofi. Na ya mwisho akaacha. Aliniambia inaharibu feti, furaha ya batu. Akafa, huyu mutoto yangu akachukua. Na yee anaacha."

"Na binti yako, Mama? Alipata taabu?"

"Hapana. Alipata bahati, bwana yake ni mutu muzuri. Mais mimi sikutafuta bahati. Nilitafuta neno."

Nikatoa kalamu. Alinipa sentensi zile tatu akitazama mbele, bila kutetereka, na mimi mwalimu wa darasa la nne, ninayewafokea watoto wasiandike vibaya, niliandika vibaya kuliko wao:

*Siku atakapowashinda, msimpige. Mrudisheni mzima. Sisi hatujamchoka.*

Nikamgeukia Kasonia.

"Papa, nimekuja kwa sababu ya jina. Niandike la nani?"

Akamtazama mama yake. Mama Jokébed akamwonea huruma, maana mama ni mama. "Andika yake. Mimi nitapeleka jina wapi? Kusoma sijue."

Hasira yangu ikanirudia, na safari hii niliipenda. "Mama, nimeitwa mwizi kwa sababu ya jina moja la uongo. Siwezi kurudi Butembo na la pili. Kama si jina lako, ukurasa huo nitauchana katika vitabu vyote, na maneno hayo yatabaki hapa na kakao."

Kasonia alivua kofia, akaizungusha mikononi. Mtu huyu alikula, alivaa na kuheshimiwa kwa maneno yale miaka ishirini, na sasa nilikuwa namwambia ayavue mbele ya mji mzima, kwa sauti ile ile aliyonitukania. Najua nilichokuwa naomba. Ningekuwa mimi, sijui kama ningekubali upesi.

"Andika ya mama," akasema mwishoni. "Na ile ya mwisho pia, andika. Mais kuisema mbele ya bakwe, usiniombe. Nikisema vile, nani ataniita tena? Kitabu ni yako. Kinywa ni yangu."

"Sikuombi," nikamwambia.

Mama Jokébed alikuwa amerudi kwenye kakao yake.

Nilichapa karatasi ndogo mia na kumi na sita, zenye hotuba nzima na chini yake: *Maneno ya Mama Jokébed, wa Beni.* Tulizibandika na Luc, ukurasa wa thelathini na moja, kitabu kwa kitabu, gundi mpaka kwenye nyusi. Walionunua mwanzo walirudi kudai karatasi yao, na nikawapa bure. Kasonia alituma sauti nyingine, fupi: "Mwalimu hakuiba. Ile maneno ni ya mama yangu." Haikusambaa kama ile ya kwanza, habari njema haina pikipiki, lakini padri aliisikia, akanirudisha mlangoni. Tulikubaliana kwamba kila Jumapili nitakayouza, sehemu ya Mama Jokébed itakwenda Beni. Kwa ile ya kwanza alinunua turubai jipya.

Nilidhani yameishia hapo. Kisha Mzee Zorobabel akamwozesha mjukuu wake, Bénie, na kwa kuwa Butembo yote ilikuwa inamcheka kwa wizi wa hotuba, akaamua kumwita msemaji mwenyewe. Akamlipia Kasonia gari. Mimi nilialikwa na nikaenda na mfuko wa vitabu, sioni haya.

Mbuzi walipokelewa. Wakwe walikaa upande wao, wazee wa suti na kofia, watu wa kuheshimika. Kasonia akasimama. Nimesikia wasemaji wengi, lakini ule ulikuwa mto wenye kujua njia yake. Wanawake waliacha masufuria, wakaja mpaka mlangoni. Alisema mbuzi wenu tutawala. Alisema mmepewa mtu. Alisema mtu huulizwa anataka nini. Kisha akanyamaza.

Nilijua linalofuata: Mchukueni, makofi, na chakula. Nilikuwa nimeahidi sitamwomba, na sikumwangalia. Niliangalia viatu vyangu. Ukimya ukawa mrefu mpaka mzee mmoja wa upande wa wakwe akainua kichwa, akidhani amesahau.

"Siku atakapowashinda," akasema Kasonia kwa sauti ndogo, kisha akarudia upya, kwa nguvu, "siku atakapowashinda, musimupige. Mumurudishe muzima. Sisi hatujamuchoka. Ile ni neno ya mama yangu, na anaishi Beni. Sasa mumuchukue."

Hakuna aliyepiga makofi. Mkubwa wa wakwe alisimama, akaweka mkono kifuani. "Tumesikia," akasema. "Na bana betu bamesikia." Ndipo makofi yakaja, na hayakuanzia kwa wanaume.

Mama yake Bénie, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, maana mama wa binti hasemi, alinifuata nyuma ya nyumba na noti mkononi. Aliniuliza neno lile liko ukurasa gani. Nilimwonyesha, akaweka kidole juu yake muda kidogo, akakunja pembe ya karatasi. Nilimwona akiinama juu ya sanduku la binti yake, akisukuma kitabu katikati ya vitenge, chini kabisa. Nilijivuna siku ile, na sitaki kusamehewa.

Nilitoka barabarani, nikampigia Mama Jokébed.

"Alisema, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Nilisikia miguu yake ndani ya kakao.

"Alisema na sauti, ao alifichaficha?"

"Na sauti, Mama. Hata bale ya barabarani balisikia."

"Bon," akasema. "Uzisha sasa."